Kahawia ya nini? Jibu kwa dada muuza makubadhi wa Malindi

Swali limetoka kwa dada mmoja anayeuza makubadhi na mikoba ya ngozi pale Malindi. Wateja wake wengi ni Wataliano, ila wanapita pia Wafaransa, Wajerumani, Wapolandi, na juzi kapita mama wa Meksiko. Anasema alijifunza rangi kwa lugha zao ili aandike kwenye vikadi vya bei, nyekundu haikumpa shida kabisa, rosso, rouge, rot, red, yani unaona kabisa ni ukoo mmoja, ila kufika kwenye kahawia akakwama. Mtaliano marrone, Mjerumani braun, Mpolandi brązowy, yule mama wa Meksiko akauliza kama kuna sandali "café" dada akamwelekeza mgahawa wa jirani, na Mfaransa akamwambia kwenye kadi aliyoandika marrons afute ile s hata kama viatu ni viwili. Anauliza kwanini rangi hii kila mmoja ana lake wakati lugha zao ni ndugu, na sasa kwenye kadi aandike nini.

Dada yangu, umegusa penyewe. Tuanze na nyekundu maana ndo iliyokufanya utegemee mfanano. Lile neno ni la kale mno, lilikuwepo kabla hizi lugha hazijaachana, enzi za yule babu wa karibu lugha zote za Ulaya ambaye wataalamu wanamwita Kiindo-Ulaya cha awali, na wajukuu wamelirithi kila mmoja na matamshi yake mpaka Lithuania huko wanasema raudonas. Wapo walioliweka pembeni, mfano huyo Mpolandi wako anasema czerwony, linatokana na mdudu waliyekuwa wanamkausha na kumsaga wapate rangi ya kutilia nguo. Sasa kahawia haikurithiwa hivo. Babu hakuacha neno moja la kahawia ambalo wajukuu wote wamelishika, kwahiyo kila lugha ilipofika mahali inahitaji jina la rangi hii iliangalia kitu kilicho karibu ikachukua jina la hicho kitu. Kokwa, kahawa, mdalasini, shaba. Na vitu vilivyo karibu na mtu wa Paris sio vilivyo karibu na mtu wa Moscow au Istanbul, ndo maana majina yametawanyika.

Usidhani zamani hawakuiona rangi yenyewe, waliiona vizuri tu, udongo, mbao, ngozi, farasi, vyote vipo tangu na tangu. Ila waliigawa. Kahawia nyingine waliihesabu ni nyekundu, nyingine ni nyeusi, nyingine njano iliyochafuka. Kilatini cha Warumi, lugha ya dola kubwa vile, hakikuwa na neno la jumla la kahawia, kilikuwa na fuscus kwa kitu cheusi-cheusi, kilikuwa na badius kwa farasi tu, basi. Na alama za mgawanyo huo bado zipo ukizitafuta jikoni. Ile sukari ambayo Mwingereza anaiita ya brauni, Mfaransa anaiita sucre roux, na roux ni ule wekundu wa nywele za wale watu wenye nywele nyekundu, na Wales kwenye lugha yao ya asili ni siwgr coch, yani sukari nyekundu kabisa, wakati karatasi ya kahawia ya kufungia vitu wao hao wanaiita papur llwyd, karatasi ya kijivu. Kilithuania ndo kinaonyesha wazi zaidi, rudas yao ambayo ni kahawia imetoka kwenye mzizi uleule wa nyekundu. Na kwetu si hivohivo? Wafugaji wanakwambia ng'ombe mwekundu, ukienda kumwangalia ni kahawia.

Haya, tuingie kwa Wajerumani na ndugu zao wa karibu kilugha. Hawa wana bahati, neno lao moja linafanya kazi zote: Ujerumani braun, Uholanzi bruin, Sweden na Denmark na Norway brun, Uingereza brown. Hapa kweli kuna urithi kama wa nyekundu, ila ni wa tawi moja la ukoo, sio ukoo mzima. Na maana yake imehama. Kwenye mashairi ya Kiingereza cha kale brun lilitumika hata kwa upanga, makali ya upanga yanaitwa brun, na pale hawasemi umeota kutu, wanasema unang'aa. Lilikuwa neno la kitu cheusi au kinachometa. Lile neno la Kiingereza burnish, kung'arisha chuma mpaka kimetemete, limetoka humohumo, kwa kupitia Kifaransa cha kale. Na Iceland hadi leo farasi wakisema ni brúnn ujue ni mweusi.

Hili brun likasafiri. Wafaransa walilichukua kwa Wajerumani wa kale wakawa na brun, Wataliano wakawa na bruno, ndo kuna watu wanaitwa Bruno. Wahangari wamelichukua wanasema barna, Estonia pruun, Latvia brūns, Waserbia braon. Kwa hiyo ukilisikia sehemu nyingi hivi usifikiri wote wamelizaa, wengi wameazima.

Sasa hapa ndo panapokuhusu we mwenye kibanda. Mfaransa ana brun, kwanini anakwambia marron? Kwasababu brun lilibaki kwenye sehemu zake za zamani, nywele, dubu, bia, tumbaku. Ours brun, bière brune. Lakini viatu, mkoba, meza, kabati, macho, ni marron. Na marron kwanza sio rangi, ni kokwa. Kuna mti Ulaya ya kusini unazaa makokwa makubwa yenye ganda la kahawia linalong'aa, msimu wa baridi wanayachoma barabarani kwenye majiko ya mkaa kama mahindi kwetu, wanauza kwenye vikaratasi vya moto. Kokwa hilo kwa Kitaliano ni marrone, Wafaransa wakalichukua wakasema marron, na kwenye miaka ya 1700 likawa linatajwa kama rangi. Kutoka Ufaransa likaenda Hispania, marrón, likaenda Romania, maro, likavuka bahari mpaka Brazil, marrom. Mreno wa Lisbon yeye anasema castanho, na castanho nalo limetoka kwenye kokwa hilohilo, ila kwa jina lake jingine la Kilatini, castanea. Yani Mreno na Mbrazil wanatofautiana neno lakini wote wametafuna kitu kimoja.

Na jina hilo la castanea ndo limekamata nywele karibu kote kusini. Mtaliano nywele zake ni castani, Mhispania castaño, Mfaransa châtain, Mgiriki kastaná. Ukimwambia Mfaransa nywele zako ni marron atakuelewa ila litamkaa vibaya sikioni.

Mrusi ndo hatari zaidi kwa mpangilio huu, na mimi namhusudu kwa hilo. Viatu korichnevye. Macho karie, neno lenye asili ya Kituruki la weusi. Farasi gnedoj. Dubu buryj. Nywele kashtanovye, la kokwa tena. Kitu chenye rangi moja, ukimpa fundi wa rangi atachanganya kopo moja, lakini kila kinapokaa kina neno lake na hawabadilishani hovyo. Hilo korichnevyj ndo jipya kati ya yote, limeenea kuanzia miaka ya 1700, na limetoka kwenye koritsa, mdalasini. Na koritsa lenyewe maana yake ni kigome, limetoka kwenye kora, gome la mti. We mtu wa Pwani hutaki kuelezwa mdalasini ni nini, ni gome, unalijua lilivyojikunja, na unajua rangi yake. Urusi hakuna mdalasini unaoota, umefika kwa biashara, ukafika na rangi ukaipa jina, yale maneno ya zamani yakabaki kwa dubu na farasi. Malta pia wana rangi ya mdalasini, wanasema kannella.

Mpolandi yeye amechukua chuma. Brązowy imetoka kwenye brąz, ile shaba ya masanamu na kengele, na ndo neno hilohilo la medali, mshindi wa tatu anapewa medal brązowy kama sisi tunavyosema medali ya shaba. Kwahiyo makubadhi yako kwake yana rangi ya medali ya shaba. Dubu amebaki brunatny, makaa ya mawe ya kahawia brunatny, macho ya kahawia wengi wanayaita piwne, yani ya bia. Angalia hapo, ukimwita Mpolandi brunet umemwambia ana nywele nyeusi, sio kahawia, wa kahawia ni szatyn, ambalo ni lile châtain la Mfaransa limevaa herufi za Kipolandi.

Halafu kuna kundi ambalo dada yangu na wewe umo ndani. Kahawa ilipofika Istanbul katikati ya miaka ya 1500 kutokea Yemen, ikawa kinywaji cha dola nzima ya Waturuki, na dola hiyo ilitawala Ugiriki, Bulgaria, Albania, Makedonia, nchi zote zile. Mturuki kahawia anaiita kahverengi, rangi ya kahawa, hajaficha kitu. Mgiriki kafé. Mbulgaria kafyav. Makedonia kafeav. Albania kafe. Ukichora mstari kwenye ramani kuzunguka nchi hizo umekaribia kuchora mipaka ya kahawa ya Kituruki yenye machicha chini ya kikombe. Na sisi tuna kahawia, kutoka kwenye qahwa ya Kiarabu ambayo ndo hiyo iliyozaa kahve ya Waturuki, na café ya kule Meksiko imepitia hukohuko kabla ya kufika kwa Wahispania. Kwahiyo yule mama wa Meksiko uliyemwelekeza mgahawani alikuwa anasema neno lako mwenyewe, limezunguka dunia limerudi. Mwarabu wa Oman naye anasema bunni, na hiyo imetoka kwenye bunn, kahawa ikiwa bado mbegu, ambayo Kiswahili tunaiita buni.

Vienna mambo yamegeuzwa. Kule ukiingia mkahawani unaagiza ein Brauner, kihalisi ni "kahawia moja", na unaletewa kahawa yenye maziwa au krimu. Istanbul kahawa imeipa rangi jina, Vienna rangi imeipa kahawa jina.

Sasa ile s ya Mfaransa. Hii wanafunzi wangu wengi wanaiona ni ukorofi wa sarufi tu, ila ndani yake kuna historia, na Mswahili ana nafasi ya kuielewa haraka kuliko wengi. Kifaransa rangi ya kawaida inafuata nomino, viatu vingi inaongeza s, kitu cha kike inabadilika. Lakini marron, kwa kuwa asili yake ni kokwa, ni nomino iliyoazimwa kufanya kazi ya sifa, haibadiliki. Des sandales rouges ina s, des sandales brunes ina s, des sandales marron haina. Mromania maro yake haibadiliki, Mgiriki kafé yake haibadiliki, Mserbia braon yake haibadiliki. Sasa njoo kwetu. Kiti chekundu, viti vyekundu, nguo nyekundu, maua mekundu. Cheupe, vyeupe, nyeupe. Cheusi, vyeusi, nyeusi. Haya sema viti vya kahawia kwa mtindo huo. Huwezi, hakuna "vyahawia", lazima useme vya kahawia, vya rangi ya kahawia, unaweka "ya" katikati kwasababu ni jina la kitu. Kijani ni vilevile, imetoka kwenye jani. Manjano vilevile, ni kile kiungo. Kwenye Kiswahili rangi zinazoingia kwenye ngeli zetu zenyewe ni tatu tu, -eupe, -eusi, -ekundu. Hizo ndo za asili, nyingine zimekuja baadaye na ngeli hazijazimeza.

Na hii imetafitiwa. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa utafiti uliopitia lugha 98, wakasema lugha haziongezi majina ya rangi kiholela, kuna mpangilio: kwanza nyeupe na nyeusi, afu nyekundu, afu kijani na njano, afu bluu, ndo inakuja kahawia, na baada yake zambarau, pinki, machungwa na kijivu. Baadaye walikusanya data za lugha nyingine 110 zisizo na maandishi na mpangilio ukaonekana una ulegevu kuliko walivyodhani mwanzo, kahawia hasa ni mtundu, kuna lugha inatokea mapema. Wapo pia wanaowapinga kuwa walilazimisha macho ya Kiingereza kwa kila mtu, na mimi naona wana hoja. Lakini kwa Ulaya ule mwelekeo wa jumla unaonekana, nyekundu imerithiwa, kahawia imetafutwa.

Kwanini kahawia icheleweshwe wakati imejaa kila mahali? Hapa kuna jambo la macho lenyewe, na unaweza kulijaribu hapo dukani. Kwenye upinde wa mvua hakuna kahawia. Hakuna taa ya kahawia, hujawahi kuiona na hutaiona. Kahawia ni rangi ya machungwa ambayo ni hafifu kuliko vitu vinavyoizunguka, jicho linalinganisha na jirani zake ndo linaamua ni kahawia. Chukua kipande cha ngozi yako ile ya kahawia isiyokolea, iweke juani, afu kunja karatasi nyeusi iwe bomba jembamba, ziba jicho moja, lingine tazama ngozi kupitia hilo bomba mpaka usione kitu kingine pembeni. Subiri kidogo. Ngozi inaanza kusogea kuelekea machungwa. Toa bomba, inarudi kahawia. Ukiwa na simu fanya usiku, taa zimezimwa, weka alama ya kahawia kwenye skrini nyeupe, afu badili nyeupe iwe nyeusi, ni hivohivo. Rangi inayotegemea majirani namna hii si ajabu watu waliitambua kwa kitu na sio peke yake, ndo maana kauli ya "kahawia" bila kusema ya nini haikuwa na haja kwa muda mrefu. Rangi ya kiatu ilikuwa rangi ya kiatu.

Ngozi ya binadamu wanaikwepa kabisa na maneno haya, Mtaliano aliyechomwa na jua la Malindi anasema yuko abbronzato, ameingia shaba, Mhispania anasema moreno, hakuna anayesema marrone. Kireno wana pardo, na Brazil imo kwenye sensa, mwaka 2022 asilimia 45.3 ya watu walijiandikisha pardo, hakuna boksi la marrom. Sisi nasi mtu ni maji ya kunde, sio kahawia.

Kuna neno moja la wauza ngozi nataka ulijue ili lisikushtue. Wataliano kahawia iliyokolea mpaka inakaribia nyeusi wanaiita testa di moro, na tafsiri yake ni kichwa cha mtu mweusi, Mwafrika au Mwarabu wa kaskazini. Wafaransa nao walikuwa na lao baya zaidi, ambalo maduka mengi yameliacha. La Kitaliano bado utalikuta kwenye viatu na makoti. Mteja akilisema anamaanisha rangi tu, mpe anachotaka, ila kwenye kadi yako usiliandike, andika marrone scuro, kahawia iliyokolea, kila Mtaliano anaelewa na hakuna kichwa cha mtu kinachouzwa.

Kadi zako sasa. Mtaliano: sandali marroni. Wapo wanaoandika marrone bila kubadilisha, kwa sababu ileile ya kokwa, zote mbili zinakubalika. Mfaransa: sandales marron, bila s kwenye rangi. Mjerumani: braune Sandalen, na S kubwa maana wao kila nomino inaanza na herufi kubwa. Mpolandi: brązowe sandały, usisahau kale kamkia chini ya a na kale kamstari kwenye l. Mhispania wa Hispania: sandalias marrones, na chini yake weka sandalias cafés kwa Wameksiko. Mreno sandálias castanhas, Mbrazil sandálias marrons. Ile ngozi ya rangi ya asali isiyopakwa kitu, kwa Wataliano usiiite marrone, andika cuoio, rangi ya ngozi yenyewe, wanaipenda hiyo na wanaiombea kwa jina. Na akitokea Mturuki au Mgiriki usihangaike na kadi, mwambie rangi ya kahawa kwa Kiswahili ukinyoosha kidole kwenye kiatu, kahawa atalisikia mwenyewe.